Jembe la Baba Mdogo Zakaria

Mwanangu, siku ile ya mkutano naikumbuka vizuri, ukungu umeshuka mpaka humwoni aliyekaa mbele yako. Uhuru ulikuwa bado mpya, tunachagua diwani. Baba mdogo wangu, Zakaria, aligombea kwa neno moja tu: zahanati ijengwe kwetu, akina mama waache kujifungulia njiani wakibebwa kwa machela kwenda hospitali ya Bumbuli.

Basi wagombea wakapewa alama, maana wengi hatukujua kusoma. Mwenzake akapewa nyumba. Yeye akapewa jembe. Jembe! Kwa sisi Wasambaa, ambao Mwingereza alitulazimisha kuchimba matuta milimani mpaka migongo ikapinda!

Bibi, mama yake mzazi, akasimama. "Jembe silipigii kura. Hata kama angepewa mchungaji."

"Mame, ni mimi mwanao!"

"Wewe nakujua. Na jembe nalijua pia."

Watu wakacheka. Mie niliishia darasa la nne, ila mdomo wangu ulikuwa haujaishia popote. Nikamnong'oneza: "Baba mdogo, waambie wakichagua nyumba, kodi ya nyumba ya mkoloni inarudi. Watakimbia wenyewe!"

Hakucheka. "Nikiwapata mama zangu kwa kuwatisha, kesho nitawaongoza kwa nini? Kwa kuwatisha tena?"

Akawageukia. "Jembe liliwaumiza, kweli. Siwaombi msahau. Niulizeni mnachotaka."

Bibi akauliza, "Matuta utayarudisha?"

"Siyarudishi. Nikithubutu, njoo unichape mbele ya hawa."

"Nitakuja. Usidhani nimezeeka."

Bibi alilipigia jembe. Wengi hawakulipigia. Tukashindwa.

Masika yale dada yangu Raheli akashikwa na uchungu, tukambeba kwa machela kwenye utelezi ule. Baba mdogo alishika mti wa mbele. Raheli alipona. Mtoto tulimzika.

Pale kaburini nikamuuliza, "Baba mdogo, hujutii kutosema lile neno langu?"

Akasema, "Zahanati naililia. Uongo siulilii."

Mwanangu, siku ya kuchagua usitazame alama aliyopachikwa mtu na wengine. Mwite, muulize, msikilize. Na wewe ukisimama kuomba kura, usiguse kidonda cha watu ili wakukimbilie. Bora ushindwe ukiwa unaweza kubeba machela pamoja nao.

Mungu akupe masikio kabla ya mdomo, mimi alinipa kwa kuchelewa. Na wanao wazaliwe karibu na nyumbani.