Mchirizi wa Ukingoni

Simu ilipoita nilikuwa uani nafukuza kuku. Mdogo wangu alikuwa ameniachia ulinzi wa boneti ya pikapu, akaenda dukani kununua dawa ya kung'arishia. Maneno yake ya mwisho kwangu yalikuwa, "Dada, kuku akikanyaga hapo, leo tunamla." Nikaona jina lake kwenye simu, nikapokea nikicheka.

"Umesahau nini tena?"

Ikajibu sauti nisiyoijua. "Samahani, mama. Mwenye simu hii ni nani wako?"

Alikuwa muuza rangi. Mdogo wangu alisimama mbele ya kaunta yake, akanusa kopo la dawa aone kama ni halisi, kisha akaketi chini kama mtu aliyechoka. Hakuinuka tena. Hospitali walisema ni moyo.

Mtaani walimwita Kioo, kwa kuwa gari alilolipaka rangi ungeweza kujitazamia meno. Hakuwa na gereji. Alifanyia kazi uani kwetu, nyuma ya jiko, na kuta za karakana yake zilikuwa mashuka ya mama, yaliyoloweshwa na kuanikwa kulizunguka gari ili yanase vumbi.

"Nimezaa fundi au mwizi wa matandiko?" mama alimuuliza.

"Mama, wenzako kazi yangu wanaiona barabarani tu. Wewe unailalia."

Na kweli, hatukuwa na shuka lisilo na vitone vya rangi.

Ila pikapu yetu wenyewe, aliyoiacha baba, ilikuwa aibu. Kinyozi hajinyoi. Mwaka huu aliapa kuimaliza, mama aende kanisani bila kuchekwa. Akaipaka bluu, ikapendeza. Siku ya boneti wingu likatanda, naye akafanya haraka, akapuliza vanishi nzito mno. Ikateremka kwenye mteremko wa mbele, ikaganda kwa michirizi. Rafiki yake, fundi breki, alipita akaegemea lango.

"Kioo, boneti yako inalia."

"Iache ilie. Ikikauka nitainyamazisha."

Ilipokauka akaanza kuisugua kwa msasa laini na maji, nami nikamshikia ndoo. Alisema maji ni mwongo: boneti ikilowa, kasoro zote hupotea. Uyakokote maji kwa kipande cha kandambili, usubiri pakauke, ndipo uone ukweli. Tena usisugue ukingoni, maana hapo rangi ni nyembamba. Mwisho alivaa mfuko wa plastiki mkononi, akafumba macho na kupapasa bati polepole. Mkono ndani ya plastiki, alisema, husikia hata chembe ya vumbi.

Hapo ndipo kazi ilipoishia.

Jioni ile mama alisema, "Mwanangu atabebwa na gari lake."

"Wifi, limekwaruzwa lote mbele, kama limetoka majivuni," alisema shangazi. "Watu watasemaje?"

"Basi ling'arishwe."

Fundi breki akakuna shingo. "Mama, mimi ni wa breki. Nikiigusa ile nitaiumbua." Wakanigeukia mimi, mshika ndoo.

Asubuhi iliyotangulia mazishi nilianika mashuka yakiwa yanachuruzika, nikaomba Mungu aniongoze mkono, nikaanza. Baadaye mama akaita kutoka jikoni, "Mwambie mdogo wako aje anywe chai."

Niliendelea kusugua. Akaja mwenyewe, akafunua shuka, akaniona.

"Nilisikia msasa," akasema.

"Ni mimi, mama."

Sikumwambia kwamba nami nilikuwa nimeusikia, nikiwa bado nafunga kamba, kabla sijaugusa.

Michirizi ilikwisha mmoja mmoja. Nikapaka dawa, nikazungusha kitambaa mpaka bega likawaka. Bluu ikaamka, na ndani yake ukatokea uso: paji lake, pua yake. Sote tumefanana na baba, najua. Hata hivyo nilisema, "Sogea, unanizibia mwanga."

Mchirizi mmoja ulibaki, ukingoni kabisa. Nikiulowesha unapotea, pakikauka umerudi. Nilivaa mfuko, nikafumba macho, nikaupapasa: uko. Nikisugua, rangi ingechubuka nimwaibishe siku yake ya mwisho. Nisiposugua, Kioo angebebwa na gari lenye kasoro. Nilikaa na msasa mkononi, mashuka yakipumua pande zote, nami nikisubiri mtu wa kuniambia. Mwishowe niliutupa msasa ndani ya ndoo.

Kesho yake fundi breki aliendesha, mama kando yake. Sisi tulikaa nyuma na jeneza, lililofunikwa shuka lenye vitone vya bluu. Watu walisimama barabarani, na hakuna aliyecheka. Shangazi alinong'ona kwamba kazi ya Mungu haina makosa. Naamini hivyo, ingawa siku ile nilitamani kuipapasa kwa mkono wa plastiki.

Makaburini mchungaji aliomba kwa kifupi. Mama aliliondoa shuka, akalikunja, akalishika kifuani. Tukamshusha. Mama alitupa udongo, kisha mimi, kisha fundi breki, kisha wengine.

Tuliporudi kwenye pikapu, mama alipitisha kiganja kwenye boneti hadi ukingoni. Kikasimama.

"Huo ni wake," nikasema.

"Najua."

Akapanda, tukarudi nyumbani.