Kijiti cha Juu ya Paa

Nilimaliza darasa la saba na alama ambazo hata mwalimu aliogopa kuzisoma, kwa hivyo mama akanipeleka Gesima kwa ndugu yake, nijifunze kujenga nyumba za udongo. Mjomba aliniangalia kichwa mpaka miguu.

"Huyu ni fito ama ni mtu?"

"Ni fito, mjomba, lakini inakula kama nguzo."

Akanipiga konzi hapo hapo. Hivyo ndivyo shule ilifunguliwa.

Agosti hiyo tulikuwa tunajengea mzee mmoja aliyechuma chai ya wazungu huko Kericho mpaka kifua ikaisha. Alirudi nyumbani na blanketi na kikohozi. Bibi hakuwa naye, mtoto hakuwa naye, nyumba pia hakuwa nayo. Alikuwa analala kwa ndugu yake mdogo, upande wa ndama, na chakula chake kilikuwa kinawekwa chini, mahali mbwa pia anafika.

Kwetu, nyumba ya mwanaume ina kijiti kimesimama juu kabisa, kwa ncha ya paa. Kikiwa huko, watu wanajua mwenyewe yuko. Akikufa, kinang'olewa. Huyo mzee hakutaka kitu kingine hapa duniani: alale usiku mmoja tu chini ya kijiti chake.

Mjomba alinifundisha kwa mdomo na kwa kofi. Choma nguzo upande wa chini mpaka iwe nyeusi, mchwa isiguse. Funga fito na kamba ya mgomba ikiwa bado na maji, ikikauka inakaza yenyewe. Mzee naye alikaa kando juu ya gogo akichonga kijiti chake na kisu, akikilainisha, akichonga tena.

"Tata," nikamwambia, vile kwetu tunaita baba, "ukiendelea hivyo tutaweka sindano."

Akacheka mpaka akakohoa, akakohoa mpaka akalala chini. Ndugu yake akapita na ndoo ya maziwa.

"Usimchekeshe," akaniambia. "Atakufa kabla hajahama kwangu."

Nyasi ya mwisho tuliifunga Ijumaa, jua likiwa limekalia kilima. Kilichobaki ni kijiti. Nilikuwa nimekishika na meno, mguu mmoja tu uko kwa ngazi, ndugu mtu akaja akaivuta ngazi, akailaza chini. Alikuwa Msabato kamili.

"Sabato imeingia."

"Jua si hilo pale," mzee akasema.

"Huo ni mwanga tu. Jua yenyewe imeenda."

"Ni kijiti tu, ndugu yangu. Kufunga mara moja."

"Kuna mtu aliokota kuni siku hiyo akapigwa mawe. Ngoja Jumapili."

Mzee akamwangalia mjomba. Mjomba alikuwa Mkatoliki, Jumamosi haikumhusu, lakini ugali wetu ulikuwa unapikwa kwa huyo ndugu. Akaangalia vidole vyake vya miguu. Mimi nikasema, kijiti bado kwa meno, naweza kupanda bila ngazi, kwani mimi ni nyani.

"Na nyani atakula wapi?" mjomba akauliza.

Nikatoa kijiti mdomoni.

Mzee akakataa kuingia. Alisema nyumba bila kijiti ni ya kuku. Akarudi kwa ndama. Kesho yake, wenyeji wakiwa kanisani, akafia hapo.

Jumapili wazee wa ukoo wakaja, wakapata shida moja. Kijiti cha marehemu lazima king'olewe, na utang'oa aje kitu hakikuwekwa? Wakaongea mpaka uji ukapoa.

"Basi weka," ndugu mtu akaniambia. Ngazi alinishikia yeye mwenyewe.

Nilifunga vizuri, na kamba ya mgomba bado na maji. Kikasimama laini, kimenyooka. Wakaingiza maiti ndani ya nyumba, wakaimba wimbo mmoja, wakaitoa, wakaizika upande wa kulia wa mlango.

"Ng'oa sasa."

Nikavuta, kikakataa. Kamba ilikuwa imepigwa na jua tangu asubuhi, imekaza vile nilifundishwa. Watu wote chini wameinua shingo, wananingoja. Nikavuta tena mpaka nyasi ikalia.

"Si ukate kamba tu," ndugu mtu akasema. "Watu wana njaa."

Nikakata.

Mjomba akaniondolea ile kamba mkononi, akaipima na vidole. "Sasa unajua kufunga," akasema. Hajawahi kunisifu tena.

Jumatatu tulipokuwa tunaondoka, ndama walikuwa washahamia ile nyumba mpya. Hao hawakuuliza kijiti.