Boma Tulilopaswa Kuliruka

Asubuhi tuliyochuma pasheni kwa Mutua naikumbuka, mwanangu, kuliko siku yangu ya harusi. Nilipaswa kusema, "Hapa leo hatuchumi." Sikusema.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini, huku mlimani, juu ya Mbumbuni. Nilikuwa mwenyekiti wa mwethya wetu, yaani majirani wanaosaidiana shambani kwa zamu, boma baada ya boma. Tulikuwa tumepata mnunuzi wa kupeleka pasheni zetu Ulaya, na lori lake lilikuwa likitungoja Tawa. Bwana shamba alikuwa ametuonya waziwazi: ukinyunyiza dawa, ngoja wiki mbili ndipo uchume, maana huko hupima tunda na kuona dawa iliyobaki ndani.

Zamu ilipofika kwa Mutua, ambaye ni ndugu wa mke wangu, mama mmoja aitwaye Syombua alisimama langoni akavuta pumzi. Syombua hakuwa na breki mdomoni.

"Mwenyekiti, hii harufu ni marashi ya bibi ya Mutua ama ni nini?"

Watu wakacheka. Mutua hakucheka. Alinivuta kando.

"Shemeji, ni dawa ya pamba. Wadudu walikuwa wananimaliza."

"Umepiga lini?"

"Juzi. Lakini usiniruke, shemeji. Mkiruka boma langu leo, nitakaa na nani kanisani?"

Nikatazama jikoni. Mke wake alikuwa amepika sufuria kubwa ya isyo, mahindi na maharagwe ya watu wote, na kwetu mwethya hauachi chakula cha mwenye zamu kikiwa motoni. Kumruka mtu siku kama hiyo ni kama kumtangaza mchawi. Nikamhurumia. Nikasema tuzipanguse pasheni vizuri kwa vitambaa. Tulizipangusa zikang'aa, tukazichanganya na za wengine kwenye makreti, tukala isyo, tukamshukuru Mungu.

Dawa haitoki kwa kitambaa. Wiki kadhaa baadaye karani wa mnunuzi alikuja bila makreti matupu. Alisema mzigo wetu umepimwa, umekutwa na dawa, umetupwa.

"Ilikuwa ya nani?" akauliza.

Hata mtu angetaka kuonyesha, matunda yalikuwa yamechanganywa.

"Basi ni yenu wote," akasema, akageuza gari. Hakurudi tena.

Sitakudanganya kwamba sheria ile ilikuwa mbaya. Nani anataka kula sumu? Lakini haikujua jina la mtu, ilijua mlima tu. Aliyenyunyiza na wasionyunyiza, pasheni zao zilianguka zikaoza pamoja. Syombua, ambaye hakuwahi kugusa dawa, alikuwa amesimamisha kuta za udongo akingoja kununua mabati. Mvua ilizibomoa kabla ya paa. Watu waling'oa mimea wakarudia mahindi, na mahindi ya huku unayajua, hayamtajirishi mtu.

Na Mutua? Hakuna aliyemtukana. Msimu uliofuata mwethya ulitoka kwa jirani yake wa juu ukaenda kwa jirani yake wa chini. Mimi mwenyekiti nilipita mbele ya lango lake, jembe begani, naye alikuwa amesimama pale.

"Shemeji," aliniita.

"Tutaonana," nikajibu, nikaendelea.

Kabla ya mavuno alihamia Shimba Hills, kule Pwani, na watoto wake. Mama mkwe wangu, mama yake mzazi, alipofariki, hakuja. Mke wangu hajawahi kuniuliza lolote, ila mtu akitaja ndugu zake, yeye huinuka akatafuta kazi ya kufanya nje.

Kwa hiyo, mwanangu, wenzako wakikupa kazi ya kuwaongoza, na sheria ikisema ngoja, ngoja, hata kama sufuria inachemka. Mwambie ndugu yako ukweli siku ile ile, kisha Jumapili kaa naye benchi moja, watu wakuone. Aibu ya asubuhi moja Mutua angeivumilia, na baada ya wiki mbili tungerudi kumchumia.

Mungu akupe mdomo wa kusema mapema, na shamba lako litoe tunda unaloweza kumpa mtoto wako bila hofu. Mimi niliogopa kumwaibisha shemeji yangu siku moja. Majirani zangu walikosa soko, na yeye nilimpoteza kabisa.