Mtungi Nilioutua kwa Athumani

Ukitaka kucheka, cheka sasa umalize, maana nikishaanza sina nguvu za kubishana. Haya yalinipata mimi mwenyewe, mchana kweupe, hapa hapa Malindi mji wa kale, na wala sikuwa nimelala.

Mimi ni fundi wa mabomba. Athumani, mwenye nyumba ya wageni, aliniita nimfungie tangi la samaki. Nyumba yenyewe ni ya mawe, ya kale, ya ghorofa. Tangi la kioo alilitaka juu sebuleni, na la kuchujia maji akaliweka chini ya ngazi, ati lisionekane. Maji yateremke yenyewe, kisha pampu iyarudishe juu. Pampu alishainunua, na paipu za nusu inchi. Wateja wa siku hizi huuliza wakishanunua.

"Bwana Athumani, kwa pampu hii maji yataishia katikati ya ngazi."

"Mbona kwenye boksi wameandika lita nyingi?"

Niamini, haya nimeyaeleza mpaka kinywa kimechoka. Lita za boksi ni za maji yasiyopanda popote. Kimo kinakula nguvu, kila kona inakula nguvu, na paipu nyembamba inakula zaidi. Pale palihitaji pampu ya kupandisha ghorofa nzima na paipu ya inchi na robo. Samaki walikuwa kwenye mabeseni wakitweta, na wengine walishakufa. Athumani akatoka mbio kwenda dukani. Nikatia komeo mlangoni, paka wa mtaani wasiingie, nikapanda juu kupima.

Mtaa ulikuwa umelala baada ya adhuhuri. Nikasikia mtu anapanda ngazi taratibu, anahema. Akatokea bi mkubwa, kaniki imemganda mwilini kwa maji, mtungi kichwani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Nitue."

Sasa niambie, wewe ungefanyaje? Mtu mzima ana mzigo kichwani anakwambia umtue, utaanza kumhoji kaingiaje? Sisi hatukulelewa hivyo. Nikanyoosha mikono, nikamtua.

Uzito ule ulianzia mikononi, ukashuka mabegani, mgongoni, mpaka magotini. Yeye akanyooka. Akanitazama kwa huruma, na huruma hiyo ndiyo iliyonitisha.

"Nyumba hii nimeipandishia maji tangu nikiwa kigori," akasema. "Wote wakinipisha tu. Mungu akupe nguvu."

Akashuka kwa hatua nyepesi za msichana.

Athumani alipobisha sikuweza kwenda kumfungulia. Akaingilia dirisha la nyuma, akanikuta nimesimama, mikono nimeinyoosha mbele, na mikononi hamna kitu. Ngazi zilikuwa kavu. Komeo lilikuwa mahali pake. Mama yake aliposikia akakaa kitako sakafuni. Alisema zama za utumwa kulikuwa na mwanamke akipandisha maji nyumba ile mpaka akafia ngazini, na wao utotoni walikanywa wasimpokee mtu mzigo pale.

Pampu niliifunga, na samaki waliobaki ni wazima. Mimi ndiye sijapumzika tena. Nalala nimechoka, naamka nimechoka. Hospitali hawakuona kitu. Nimesomewa dua, nikatoka vile vile.

Haya yote ningeyavumilia. Lakini nina binti, Mwanaisha, bado mdogo. Kila jioni alikuwa akiniona tu anakuja mbio: "Baba, nikupokee." Ndivyo tulivyomfunza. Siku moja aliuwahi mkanda wa mkoba wangu wa kazi, na mabega yangu yakaanza kuwa mepesi. Nilisikia raha, wallahi, raha niliyokuwa nimeisahau. Kisha nikamwona mtoto anavyojikunja mgongo. Nikampokonya mkoba kwa nguvu mpaka akalia.

Siku hizi akiniona naingia hainuki. Anadhani simpendi, nami sijui nimwambie nini.

Basi ukinikuta njiani na mkoba wangu, nisalimie upite. Na siku utakayoniona nimechoka sana, nikakuomba mwenyewe unipokee, kataa, hata nikikulilia. Nakwambia leo, ningali na moyo wa kukukanya.