Bahasha ya Mgiriki Madhabahuni

Aibu yangu ina jina, na jina lenyewe ni Mkate. Ukifika Likasi ukaingia soko la Kikula ukaulizia fundi Mado anashonea wapi, watakuuliza kwanza, "Mado gani, Mado Mukate?", nawe wajibu tu ndiyo, maana ni mimi huyo, sina pa kujificha. Sijawahi kuoka mkate hata mmoja maishani mwangu. Nilikosea kitu kidogo tu, kidogo hata naona haya kukitaja: niliacha kusoma barua hadi mwisho. Wacha niwasimulie mwenyewe kabla hamjasikia kwa wengine, kwa sababu wengine wanatia chumvi (ingawa, kusema kweli, mkasa wenyewe ulikuja na chumvi yake).

Mama yangu, Hélène, ni mtoto wa Mgiriki. Ngozi inasema, nywele zinasema, na pua ndiyo inapiga kelele kabisa. Alizaliwa mji huu ukiitwa bado Jadotville, bibi yangu akiishi nyumbani kwa mfanyabiashara wa samaki aitwaye Stamatis Kondouris, ambaye watu walimwita Bwana Samati kwa sababu jina zima lilikuwa linawachosha. Mama alipokuwa na miaka mitatu Bwana Samati alikwenda Kasenga, kwenye mto Luapula walikotoka samaki wake, na hakurudi. Bibi alisema amekufa. Majirani walisema ametorokea kwao Ulaya, na wale wenye midomo mirefu zaidi walisema hakuwa hata baba wa mtoto, kwamba bibi alijichagulia tu jina la tajiri. Mama amezeeka na maneno hayo. Mwaka jana alipotoka hospitali, ana miaka sabini na kitu, magoti yamechoka, aliniita akaniambia jambo moja.

"Mado, minye nataka kujua tu. Ule muzungu alijuaka kama niko mutoto yake, ao hapana?"

Nani angesikia hivyo akaendelea kutia uzi kwenye sindano? Nikajitwika kazi. Mteja wangu mmoja aliniambia kwamba wageni walioingia Kongo wakati wa Wabelgiji walifunguliwa faili la uhamiaji, lenye picha, kazi, siku ya kuingia, jina la baba na la mama, kwamba mafaili hayo yamelala Brussels kwenye nyumba ya kumbukumbu, na ukiwaandikia vizuri wanapiga picha kurasa na kukutumia kwenye simu. Nikaandika. Kifaransa changu ni cha kupima kiuno na mikono, lakini niliandika hivyo hivyo, nikapiga na magoti kuombea.

Jibu lilikuja nikiwa nimeinama juu ya gauni la harusi, mkasi mkononi, bibi harusi mwenyewe amesimama mlangoni ananung'unika. Nikasoma mstari wa kwanza, uliosema wana furaha kunijulisha kwamba jina hilo limepatikana, nikapiga kigelegele, nikashuka moja kwa moja mpaka pa kujibia, nikaandika: asanteni, tumeni, Mungu awabariki. Katikati palikuwa na maneno mengine. Sikuyasoma. Nilidhani ni zile salamu ndefu za ofisini, mtu anakuaga mistari sita kabla ya kukuacha uende.

Sasa, kanisani kwetu kuna desturi. Ukipata barua nzito, iwe ya viza, ya mtihani au ya daktari, huifungui nyumbani. Unaileta imefungwa, unaiweka madhabahuni, pasta anaiombea, halafu inafunguliwa na kusomwa mbele ya watu wote ili Mungu apate utukufu wake wakati ule ule, bado moto. Kurasa zilipofika kwenye simu yangu, mimi sikuzitazama hata kwa jicho moja (jamani, nilifunika kioo kwa kiganja). Nilikwenda kwa mama mmoja mwenye mashine ya kuchapa, nikamwambia achape uso chini, atie kwenye bahasha, agundishe, asiniambie neno. Alinitazama kama mtu wa kuonewa huruma.

Ningeishia hapo ningekuwa salama. Lakini mimi ni fundi, na furaha ya fundi inatokea kwenye kitambaa. Nilikuwa nimeona kwamba bendera ya Wagiriki ni ya buluu na nyeupe, basi nikanunua pagne, yaani kitenge, ya buluu na nyeupe, nikashonea ukoo mzima, watu kumi na saba, kuanzia Mama mpaka shemeji ambaye hata hatupendi. Nikaalika majirani. Nikaalika hasa wale wenye midomo mirefu, nikawahifadhia viti vya mbele. Pagne yenyewe ilikuwa ile inayotoa rangi, na mimi kitambaa kinachotoa rangi nakijua kwa kukigusa tu, lakini siku hizo sikugusa kitu, nilikuwa naelea.

Jumapili ikafika. Kwaya ikaimba, tukaingia kwa kucheza, kumi na saba kwa mstari, Mama katikati na fimbo yake, nami mbele nimeinua bahasha juu. Pasta akaomba mpaka jasho likamtoka. Kisha akamwita Mwalimu Ilunga asome, kwa kuwa alisoma chuoni Mulungwishi na Kifaransa chake hakigusi chini. Mwalimu akavaa miwani, akafungua.

"Kondouris, Stamatis," akasoma, na ukoo wetu ukalipuka kwa vigelegele. Akangoja, akaendelea. "Baba yake Nicolas, mama yake Marie. Kazi: muoka mikate."

Vigelegele vikapungua kidogo. Mkate? Nilimwona mama mmoja wa kiti cha mbele akimgusa mwenzake kwa kiwiko. Mwalimu akasoma siku aliyoingia Jadotville, na hapo angeweza kunyamaza, angeweza kukohoa tu, lakini Mwalimu Ilunga amefundisha hesabu miaka thelathini na ni mtu mkweli, basi akanyanyua kichwa, akamtazama Mama, akapiga hesabu yake ndani ya mikrofoni.

"Lakini... Maman Hélène, weye ulizaliwaka miaka mbili mbele. Huyu papa alikuta unatembea."

Watu wakaanza kuhesabu kwa vidole. Kisha kicheko kimoja nyuma, kisha vitatu, kisha siwezi kuhesabu. Na mimi, badala ya kuomba ardhi inimeze, nikanyakua mikrofoni mkononi mwa Mwalimu nikasema (bado nasikia sauti yangu mwenyewe): "Pengine alikuyaka mbele kutembea tu!" Yaani kwamba alikuja kwanza matembezini! Mtu kutoka Ugiriki, aje Katanga matembezini, amwachie bibi yangu mimba, arudi kwao kuaga, halafu aje kuoka mikate! Hata pasta alijifunika uso na Biblia. Nikaanza kulia, nikajifuta machozi na ile pagne, nikaona watu wanacheka zaidi na sikuelewa kwa nini, mpaka shemeji (ndiyo, yule) akaninong'oneza kwamba uso wangu wote umekuwa wa buluu.

Mama hakucheka wala hakulia. Aligeuka akatoka nje na fimbo yake, polepole, kati ya viti vyote vile. Nilimkuta barabarani.

"Mama yangu hakukuwaka muntu wa bongo, wa kudanganya," akaniambia. "Leo umemufanya muongo mbele ya bantu bote."

Neno hilo lilinichoma kuliko vicheko vyote. Nilitaka kumsaidia ajue baba yake, na sasa nilikuwa nimemnyang'anya hata mama yake.

Ndipo tukasikia makelele ndani, na sauti moja juu ya zote, ya Mama Kapinga. Huyu ni kikongwe wa kutoka Kasai, amevuka themanini, ambaye kila Jumapili husinzia tangu wimbo wa kwanza. Vicheko vilikuwa vimemwamsha, akamuuliza jirani yake kuna nini, akaambiwa, na sasa alikuwa amesimama juu ya miguu yake miwili akiwafokea watu. Nikarudi mpaka mlangoni.

"Ule ni wa mukate!" alikuwa akisema. "Ule wa samaki bamemupeleka wapi?"

"Maman Kapinga, unasema nini?" pasta akauliza.

"Nasema balikuwaka babili! Bwana yangu alikuwaka shofere ya camion ya samaki, Kasenga mupaka hapa. Stamatis wa samaki njo alikuyaka mbele. Wa mukate alikuya nyuma, mutoto ya ndugu ya baba yake. Bote babili balibebaka jina ya nkambo yabo, baba ya baba yabo. Weye pasteur, mutoto yako wa kwanza anaitwa nani? Si jina ya baba yako? Na wa mudogo yako? Si ileile? Sasa Bagiriki beko bantu sawa siye!"

Pasta akakubali kwa kichwa. Kwao kuna Kabamba wawili, hata vyeti vyao vya shule viliwahi kuchanganywa.

Nilikimbia nyumbani na uso wangu wa buluu, sikunawa, nikafungua ile barua ya Brussels, nikasoma katikati. Pale, kwa Kifaransa chepesi ambacho hata mimi nakielewa, waliandika kwamba kuna mafaili mawili yenye jina hilo, la mwoka mikate na la mfanyabiashara wa samaki, kwamba nisipowaeleza nalitaka lipi watatuma la kwanza, na kwamba hilo la pili lina pia karatasi za sensa ya mji. Yote yalikuwa yameandikwa wazi tangu siku ile ya gauni la harusi! Nilijipiga kofi, kweli kabisa, moja kila shavu. Kisha nikawaandikia upya.

Tulingoja wiki tatu, na Mungu asinirudishie wiki hizo. Sokoni wauza mikate walinishikia sehemu, "Mado, kuya utwae mukate ya nkambo yako." Wenye midomo mirefu walisema Mama Kapinga ameota usingizini. Mama alikula chakula changu, akashukuru kama mgeni, akarudi chumbani kwake. Adabu hiyo ya mgeni ndiyo iliyoniadhibu.

Faili la pili lilipofika nilifunga duka, nikakaa chini nyuma ya cherehani, nikasoma kila ukurasa mpaka mwisho, nikarudia, hata mihuri niliisoma. Halafu nikaenda kwa Mama. Alikuwa anachambua maharage. Nikamwambia kwamba Stamatis Kondouris, mfanyabiashara wa samaki, aliingia Jadotville miaka minne kabla yeye hajazaliwa, na kwamba mama yake huyo Stamatis, kule kisiwani kwao, aliitwa Hélène.

Mikono ikasimama kwenye maharage.

"Hélène?"

"Hélène, Mama. Alikupa jina la mama yake."

Kwetu hapa hakuna anayehitaji kuelezwa hilo. Jina la mzazi humpi mtoto wa jirani. Lakini nilikuwa na karatasi nyingine, ile ya sensa, nikaikunjua mbele yake. Karani wa Wabelgiji alipita nyumba kwa nyumba kuhesabu wageni, na mbele ya jina la Kondouris aliandika kwa mkono alichoambiwa na mwenye nyumba: anaishi na mwanamke mmoja mwenyeji, na binti yake mmoja, Hélène.

"Binti ya nani?"

"Ya Stamatis, Mama. Imeandikwa yake."

"Njo yeye, yeye mwenyewe, alimuambia ule karani?"

"Njo yeye, Mama. Angeweza kusema iko peke yake. Hakuficha."

Na ukurasa wa mwisho ulisema alifia Kasenga kwa homa, alizikwa huko huko. Hakutoroka. Bibi alisema kweli tangu mwanzo, neno kwa neno, na mji mzima ulimcheka. Mama alinifanya nisome pale pa kuhesabu mara tano. Alicheka, akalia, akacheka tena, maharage yakamwagika yote, kisha akajifuta macho akauliza leo ni siku gani. Nikamwambia Alhamisi.

"Jumapili iko mbali sana," akasema.

Jumapili alivaa ile ile pagne. Tulikuwa tumeifua mara nne na nyeupe yake ilikuwa imegeuka buluu yote, lakini alikataa nyingine. Hakungoja aitwe. Mwalimu Ilunga alinyoosha mkono apokee karatasi, Mama akamwambia, "Weye kaa, papa," akasoma mwenyewe, taratibu, akiweka kidole chini ya kila neno, na alipofika kwenye "binti yake mmoja" alisimama akawatazama wale wa viti vya mbele mmoja mmoja, bila haraka, mpaka wakainamisha vichwa. Kisha akasema jina la bibi, akasema, "Mama yangu alisemaka kweli." Jamani, kanisa lile! Watu walipanda juu ya viti. Mama Kapinga alikuwa macho kuliko wote, anapiga fimbo chini, "Nilisema! Nilisema!" Wale wenye midomo mirefu walikuja kumkumbatia Mama wakilia, naye aliwakumbatia, mmoja baada ya mwingine, ameinua kidevu chake kama malkia. Sijawahi kushona nguo iliyompendeza mtu namna ile.

Kelele zilipotulia pasta akamshika mkono akauliza, "Maman Hélène, sasa tukulombee nini?"

Mama akaikunja karatasi yake.

"Minye sina tena na kitu ya kulomba. Baba yangu alinihesabu. Mulombee Mado, ajifunze kusoma barua mupaka mwisho."

Wakaniombea kweli, mikono kumi kichwani, huku wanacheka, nami nikaapa pale pale mbele za Mungu kwamba barua yoyote ya ukoo nitaisoma chumbani kwanza, mlango umefungwa, kabla sijakata hata kipande cha kitambaa. Amina yangu ilisikika mpaka barabarani.