Sala ya Mathe na Kasaa ka Sekunde

Hii aibu ningeenda nayo kaburini, lakini kwa vile mpenzi wangu Mwende keshawasimulia dada zake wote, wacha niseme mwenyewe kabla haijatiwa chumvi zaidi.

Mimi hutengeneza tovuti nikiwa kwa nyumba, mtaa wa Pipeline hapa Nairobi, na babake Mwende alikuwa ameshasema wazi kuwa mtu anayeshinda ndani na kompyuta hana kazi, na binti yake hampi. Basi siku familia zilipopanga kusalimiana kwa video (mzee yuko Kitui na mguu ulikuwa unamsumbua), nikakataa app za kawaida, nikasema tutatumia yangu, ajionee. Nilikuwa nimeiunda kwa hook, vile vipande vya programu vinavyoamua kamera iwake lini na mtu aingie lini, na ilifanya kazi sawa kabisa. Shida ni kwamba asubuhi hiyo nikaongeza kasaa kadogo ka kuhesabu sekunde, eti ipendeze, na sikuijaribu tena (kiherehere tu).

Tukaketi kwa mathe, mamangu, mtaani Buruburu, tukasalimiana, mzee hata akatabasamu, mathe akasema tufungue na sala, nami nikawasha kale kasaa. Sasa mathe akishafunga macho, ameondoka, hayafungui hadi amina. Mimi nikachungulia, nikaona tuko mara mbili kwa skrini, halafu mara nne. Ile hook sikuwa nimeiambia ifanye kazi mara moja tu, kwa hivyo kila kasaa kakihesabu sekunde, hook inatuingiza kwa mkutano upya, kana kwamba ni wageni wengine wamefika. Ningefunga laptop, lakini nani hukatiza mamake akiomba? Sauti yake ikaanza kurudi kutoka kila dirisha, na yeye akidhani watu wengi wanaomba naye, akapandisha moto, akaombea hadi mataifa.

Mzee alipofungua macho skrini ilikuwa imejaa mathe, na picha yake mwenyewe imesukumwa pembeni, ndogo kama stempu.

"Kijana," akasema polepole, "hii ndiyo ile kazi?"

Nikasema ndiyo, na ndiyo yangu ikarudi kutoka kila dirisha. Halafu kila kitu kikaganda.

Mzee akampigia mathe simu ya kawaida, tukamsikia sote. Alisifu sala kwanza.

"Mwambie aje mwenyewe," akasema. "Na aje mmoja."

Nilienda, bila laptop, nikahojiwa mpaka jioni, na jibu bado nangoja. Lakini asubuhi ya shughuli siongezi tena kitu, hata nukta.