Ganda la Dawa Nililoliita Plastiki

Hata mke wangu sijawahi kumsimulia haya. Wakimbizi walipojaa Ngara, mimi, mtoto wa mkulima wa Kasulo, nilipata kazi ya ukalimani katika zahanati ya kambi, kwa sababu Kihangaza changu na Kirundi chao havipishani sana.

Siku moja Bibi Kezia, mgonjwa wa kifua, aliniuliza ganda la kapsuli limetengenezwa kwa kitu gani. Sikujua, lakini nilikuwa nimevaa koti jeupe, nikajiona daktari. “Plastiki,” nikamjibu. “Halisagiki tumboni. Menya, utupe, ulambe unga.”

Alinishukuru, akawafundisha majirani zake wote.

Wiki iliyofuata daktari wa zahanati alikuta foleni nzima ina ndimi za manjano kwa unga wa dawa. Wengine walikuwa wanatapika dawa kwa uchungu wake, na vikohozi haviponi.

“Shikamoo, bibi. Nani kawaambia mmenye dawa?” daktari akauliza, nami nikatafsiri.

“Marahaba. Daktari wetu huyu hapa!” Bibi Kezia akaninyooshea kidole kwa fahari.

Daktari hakunigombeza. Alitumbukiza ganda tupu kwenye kikombe cha maji ya uvuguvugu, akaniamuru nitafsiri: “Hili limetokana na nyuzinyuzi za mimea. Linaibeba dawa mpaka tumboni, kisha linayeyuka.”

Nikatafsiri neno kwa neno. Ganda likalegea, likawa utelezi, likatoweka.

Bibi Kezia akachungulia kikombe, kisha akanitazama nilivyolowa jasho. “Mwanangu,” akasema, “hebu kunywa hiyo plastiki yako.”

Foleni nzima ikaangua kicheko, nami nikanywa.